Kila asubuhi nashuka na kusukuma baiskeli hapo Riat: ni miguu yangu ama ni giya?

"Kocha habari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 41, naishi Kondele hapa Kisumu na nafundisha shule moja karibu na Kiboswa. Nauli ilinishinda nikanunua baiskeli ya mtumba, mountain bike ya giya 21, na kwa tambarare niko sawa kabisa hadi nipite Mamboleo. Shida ni milima ya Riat. Naanza kwa nguvu nikisema leo lazima nifike, lakini kabla ya nusu mapaja yanawaka, moyo unapiga hadi nausikia masikioni, nashuka nasukuma. Kinachoniuma zaidi kuna mzee wa maziwa na baiskeli yake ya Black Mamba isiyo na giya za kubadilisha, ananipita akiwa amesimama kwa pedali na bado ana pumzi ya kunisalimia. Rafiki ya mume wangu anasema giya ndogo ni ya watoto, nikaze na giya kubwa nijenge nguvu. Mwingine anasema nipande zigzag. Giya za mbele zimekwama kwa ile kubwa ila fundi aliniambia hizo zingine si za maana. Goti la kulia limeanza kuuma hapo mbele, sana nikipanda ngazi. Kuna kikundi kinaenda Kakamega Desemba na nataka kwenda nao. Ni umri, ni ile asidi ya laktiki inajaa miguuni, ama ninunue baiskeli nyepesi?"

Mwalimu, asante kwa kuandika kwa kirefu, na asante zaidi kwa ile sentensi ya giya za mbele uliyoipitisha haraka haraka katikati, kwa sababu nusu ya jibu lako iko hapo. Watu wakiniuliza mambo ya milima huwa wananitajia umri, kilo zao na walichokula, lakini giya gani wanatumia hawasemi. Wewe unapanda Riat na duara kubwa la mbele, lile la meno pale kwa pedali, kila siku ya shule, na fundi amekwambia hayo mengine mawili si ya maana. Kwa mtu anayezunguka mitaa ya Milimani na Kibuye tu labda ni kweli. Kwa mtu anayeishi Kondele na kazi iko Kiboswa, hilo duara dogo la mbele ndilo la maana kuliko yote, na ndilo umenyimwa.

Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu, wewe ni mwalimu hautaogopa. Baiskeli nyingi za giya 21 za mtumba zina meno 48, 38 na 28 mbele, na nyuma zinaanzia 14 hadi 28, ingawa zako uhesabu mwenyewe maana zinatofautiana. Ukiwa kwa 48 mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma, 28, mzunguko mmoja wa pedali unakusukuma mita tatu na nusu hivi kwa gurudumu la inchi 26. Ukiwa 28 kwa 28, mzunguko mmoja ni kama mita mbili. Sasa chukua mlima wa asilimia 6, yani kila mita 100 unazoenda mbele unainuka mita 6, na tuseme wewe, baiskeli na begi mko kilo 94, mnapanda kwa kilomita 8 kwa saa. Kwa ile giya uliyokwama nayo miguu inazunguka mara 37 tu kwa dakika na kila mzunguko unasukuma pedali kwa wastani wa karibu kilo 21. Kwa giya ndogo unazunguka mara 64 na unasukuma kilo 12 na kitu. Mlima ni uleule, spidi ileile, kazi yote ileile, ila umeigawa. Ni kama kupandisha maji ghorofani, mtungi wa lita 20 mara moja ama wa lita 10 mara mbili, maji yanayofika juu ni sawa lakini mgongo unajua tofauti.

Kwa hivyo huyo rafiki ya mume wako, na heshima zote, amekupotosha. Giya kubwa mlimani wanaitumia wakimbiaji wa baiskeli kwa mazoezi maalum, kwa muda mfupi, tena goti likiwa zima na miguu ikiwa na miaka ya kuzunguka nyuma yake. Mtu aliyeanza juzi akikaza hivo kila asubuhi anachojenga ni maumivu ya goti, na wewe tayari yamebisha hodi. Sitakudanganya kwamba giya ndogo ni raha tupu. Siku za kwanza utahisi unazunguka bure, makalio yanarukaruka kwa kiti, na pumzi inaenda haraka kuliko ulivyozoea, kwa sababu mzigo umetoka kwa misuli ukaenda kidogo kwa moyo na mapafu. Lakini moyo unazoea upesi na hauchoki vile paja linachoka. Jipe wiki mbili tatu kabla ya kuamua kama nimekudanganya.

Kuhusu asidi. Hiyo hadithi ya asidi ya laktiki kujaa miguuni na kuiharibu ni ya zamani na imeachwa. Laktate, ndiyo hiyo laktiki yenyewe ikiwa mwilini, ni kama petroli ya misuli, mwili unaitengeneza ukifanya kazi kwa nguvu halafu moyo na misuli mingine inaichoma tena, na saa moja hivi baada ya kupumzika imeshaondoka, kwa hivyo haiwezi kuwa ndio inakuumiza kesho yake asubuhi. Yale mapaja kuwaka ni ishara kwamba unadai nguvu haraka kuliko oksijeni inavyoweza kukutengenezea, basi mwili unatumia ile njia ya mkato ambayo haidumu dakika nyingi. Na ukishaingia huko, kutoka mpaka upunguze sana, na mlimani kupunguza hauwezi kwa sababu giya yako haina pa kushukia. Umenielewa? Unashuka kwa baiskeli kwa sababu hakuna giya ya kukuruhusu uende pole. Umri haujaingia hapo.

Hii inanileta kwa kosa la pili, na hili hata wenye baiskeli za laki mbili wanafanya: "naanza kwa nguvu nasema leo lazima." Hapo chini ndipo mlima unakushinda. Kwa tambarare ukienda kilomita 15 kwa saa mwili wako unatoa kama wati 55, lakini ule mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 8 tu unadai kama 140. Sasa wewe unatoka Mamboleo na ile spidi ya tambarare, unataka kuilinda mlima ukianza, na dakika mbili za kwanza unatoa labda mara nne ya ulichokuwa ukitoa, bila kujua, kwa sababu miguu bado ni fresh na haisemi kitu. Inasema baadaye. Nataka uanze mlima pole hadi uone aibu. Kipimo ni mdomo wako: kwa theluthi ya kwanza uwe unaweza kusema sentensi nzima, si lazima uimbe, lakini sentensi. Katikati maneno matatu manne. Hapo juu ukiona kilele, haya, maliza na chochote kimebaki. Ukishindwa kuongea ukiwa bado chini, punguza giya, na ukiwa kwa giya ya mwisho zungusha pole zaidi.

Huyo mzee wa maziwa sasa. Kwanza umeangalia mitungi yake? Maziwa ya huko hutoka juu kuja mjini, kwa hivyo saa ile anakupita akipanda uwezekano mkubwa mitungi ni mitupu. Pili amepanda hapo miaka, anajua wapi panakaza na wapi panalegea. Na anasimama kwa sababu hana njia ingine: Black Mamba ina giya moja, nzito, ukiketi kwa mlima haizunguki, basi unasimama unaweka uzito wako wote juu ya pedali moja, halafu ingine, pole pole. Ni ufundi mzuri wa baiskeli ile. Ukiwa na giya 21 kumuiga ni kuacha mlango wazi ukaingilia dirishani.

Maana kusimama kunakula. Ukisimama misuli ya mikono, mgongo na tumbo yote inafanya kazi ya kukushikilia, na mapigo ya moyo yanapanda hata kama baiskeli inaenda spidi ileile. Kwa mlima mrefu keti, sogea nyuma kidogo kwa kiti, legeza viwiko, usikamue usukani, na pumua kwa tumbo, toa hewa yote nje. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na kufunzwa mbio huko Kikuyu na David Kinjah, kwa Tour de France ya 2013 aliwaacha wenzake pale Mont Ventoux akiwa ameketi tu, miguu inazunguka kama mashine ya kushona. Kusimama tumia pale panapopinda na kukaza ghafla, ama kila baada ya dakika chache kwa mizunguko kumi na tano hivi, kupumzisha makalio na kunyoosha magoti. Ukitaka kusimama ongeza giya moja kwanza la sivyo pedali itakimbia chini yako. Na kama ni barabara ya murram yenye changarawe usisimame, uzito ukitoka nyuma tairi linateleza unabaki kukanyaga hewa.

Giya zenyewe zinabadilishwa mapema. Ile ya mbele ishushe ukiwa bado tambarare, miguu inazunguka kwa wepesi, kwa sababu cheni iliyokazwa haitaki kushuka duara na ukilazimisha mlimani itatoka ama itakwaruza hadi fremu. Ukishakuwa kwa duara dogo la mbele, za nyuma zipunguze moja moja mlima unavyokaza, na kila ukibadilisha legeza mguu nusu mzunguko. Jaribu kubakisha giya moja ya akiba. Si lazima uitumie, lakini kujua iko kunatuliza akili, amini usiamini.

Ndio maana kabla ya mazoezi yoyote nakutuma kwa fundi, na awe mwingine. Mwambie unataka duara zote tatu za mbele zifanye kazi. Mara nyingi ni kebo imeshika kutu ndani ya ganda lake, kebo mpya na mafuta kidogo na skrubu mbili za kurekebisha, kazi ya chini ya saa moja na si pesa ya kukunyima usingizi. Apime na cheni pia. Kama imelegea imekula meno, siku utakapokanyaga kwa nguvu itaruka na utaangukia usukani. Ukibadilisha cheni iliyoisha sana jiandae kubadilisha na friwili, ile seti ya meno ya nyuma, maana cheni mpya kwa meno yaliyolika inaruka vilevile. Na wakati huo, uliza kama kuna friwili ambayo duara lake kubwa lina meno 34, zipo, na kwa wewe ni bora kuliko baiskeli mpya.

Hiyo baiskeli nyepesi, kwa kweli, acha kwanza. Ukipunguza kilo 3 kwa kilo 94, mlima wa dakika 20 utapungua kama sekunde 40. Begi lako la vitabu vya kusahihisha likiwa kilo 5 na ukaliacha shuleni unapata dakika nzima, bure. Jaza na upepo wa kutosha kwa tairi, kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na kama unatembea lami tu toa yale matairi ya meno makubwa uweke ya laini. Pesa ibaki ya karo.

Goti. Maumivu ya mbele, nyuma ya kile kifuniko, yanayozidi ukipanda ngazi, kwa mwendesha baiskeli mara nyingi yana wazazi wawili: giya nzito na kiti kilicho chini. Baiskeli za mtumba karibu zote unazipata kiti kimeshushwa ili miguu yote iguse chini. Keti, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwa pedali utapata goti limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Pandisha nusu inchi kwa wakati, usipite ile alama ya mwisho kwa nguzo ya kiti. Utaogopa kusimama kwa sababu miguu haifiki chini vizuri, basi jifunze kuteremka mbele ya kiti ukisimama, ni mazoea ya siku mbili. Kama baada ya giya na kiti kurekebishwa goti bado linauma wiki mbili hivi, ama limevimba, linakwama, linakuamsha usiku, hapo mimi sina kazi tena. Nenda uonwe na mtu wa fiziotherapi, hata pale hospitali ya Russia, yani Jaramogi, wako.

Na moyo kusikika masikioni, kwa sasa naelekea kuamini ni giya na haraka. Lakini sijakupima, na kuna mambo sitaki uyaweke kwa mlima. Maumivu ama kubanwa kifuani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kupiga ovyo hata ukiwa umekaa, kifua kupiga filimbi: simamisha mazoezi na uende hospitali, siku hiyohiyo kama ni kifua. Kwa miaka 41 pima presha hata kama unajihisi mzima. Kama pia unachoka ukipanda ngazi za shule tu, ama hedhi yako ni nzito, ama umetoka malaria juzi, omba wapime damu, kwa sababu damu ikiwa kidogo hakuna giya itakusaidia, na nimeona akina mama wakijilaumu uvivu kumbe ni madini ya chuma yamepungua. Kama kwenu kuna selimundu (sickle cell) na haujui hali yako, pima pia kabla ya kujisukuma sana kwa joto.

Zigzag, huyo mwenzako hajakosea hesabu, njia ikienda mshazari mwinuko unapungua kweli. Ifanye kwa njia ya kijijini isiyo na magari. Kwa barabara ya Kakamega na matatu zile na malori yanayoshuka, hapana kabisa. Na usiwahi kushika lori likupandishe, najua umeona vijana wakifanya.

Kusukuma nako si dhambi. Ukifika chini ya kilomita 5 kwa saa unatumia nguvu kusimamisha baiskeli isianguke, kutembea ni karibu spidi ileile. Ila shuka kabla haujaisha, sukuma dakika mbili, panda tena. Kuanza tena katikati ya mlima: weka giya ndogo kabla ya kusimama, elekeza baiskeli kidogo mshazari ukiangalia nyuma kwanza hakuna gari, kaza breki, pedali moja iwe juu mbele, achia breki na ukanyage kwa pamoja.

Joto la Kisumu usilidharau. Mlimani unaenda pole, upepo wa kukupoza haupo, na mchana ule upepo wa ziwani ukikusukuma kwa nyuma ndio mbaya zaidi, jasho halikauki, linatiririka tu. Wewe bahati unapanda asubuhi. Toka dakika 20 mapema, vaa fulana ya jasho, nguo za darasani na leso ziwe shuleni.

Sasa Kakamega. Ni kama kilomita 50, kutoka mita 1,130 hivi juu ya bahari hadi 1,500 na kitu, lakini usisome hiyo tofauti ukadhani ndio yote, maana baada ya Kiboswa Vihiga inakupandisha na kukushusha hadi Chavakali na zaidi. Hewa ya huko haitakusumbua, ya Iten mita 2,400 ndio ingekusumbua. Mazoezi yako tayari yako kwa njia ya kazi: siku mbili kwa wiki panda Riat kwa kipimo cha mdomo nilichokupa, siku zingine nenda pole kabisa ama panda matatu, na Jumamosi moja moja toka na barabara ya Busia, upite Kisian upande hadi Maseno, urudi. Mlima ule ni mzuri wa kujifunza kwa sababu hauishi haraka. Ukiweza Maseno bila kushuka na goti limenyamaza, Kakamega utafika.

Siku yenyewe kunywa chai na chapati masaa mawili kabla, usiende na ugali mzito tumboni. Njiani kula kabla ya njaa, ndizi moja ama mbili kila saa na maji kidogo kidogo. Kikundi kikianza Riat kwa fujo waache waende, utawakuta wengine wamekaa chini ya mti huko mbele. Na mteremko wa kurudi usishikilie breki mfululizo, rimu zinapata moto, finya achia finya achia, zote mbili. Kwa sasa geuza baiskeli miguu juu uhesabu meno, mbele na nyuma, unitumie hizo namba kabla haujamlipa fundi chochote.